Nazareti Inaposomwa Butiama

Agano la Kale halitaji Nazareti hata mara moja, na katika Injili ya Yohane, Nathanaeli anahoji kama jambo jema laweza kutoka huko. Hata hivyo Yesu anaitwa kwa jina la kijiji hicho mpaka msalabani, katika anwani aliyoiandika Pilato. Naamini udogo wa Nazareti ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Wapo watakaosema tunakipamba kijiji: Luka 4 inasimulia jinsi watu wake walivyotaka kumtupa Yesu kutoka ukingo wa kilima. Ni kweli, na hapo ndipo Maandiko yanapokiheshimu zaidi, kwa kutoificha hasira yake.

Wasomaji wa Musoma na Bunda wana mfano wa karibu. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyebatizwa mwaka 1943, aligeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Utaambiwa Butiama ilivuma kwa sababu ya Ikulu tu. Lakini tenzi hizo zilitoka miaka zaidi ya 10 baada ya yeye kung'atuka urais, na utenzi humfikia hata msikilizaji asiyejua kusoma, kama Maandiko yalivyosikika katika sinagogi la Nazareti.