Mkojo katika bidoni: mikrobi hukaa muda gani?

Mbolea ya dukani ni ghali, na mkojo una azoti ambayo mahindi na lenga-lenga zinahitaji. Lakini mama anayelima anauliza: je, watoto wangu hawatapata magonjwa? Swali lake ni la haki.

Mkojo wa mtu mwenye afya una mikrobi chache sana. Hatari kubwa inatoka kwa mavi yanayoingia humo chooni, hata yakiwa kidogo. Yanaleta bakteria za kuharisha, virusi na mayai ya minyoo. Tifoidi na kichocho huweza kutoka na mkojo wenyewe, kwa hiyo mkojo wa mgonjwa tusiuchanganye na mwingine.

Ndani ya bidoni iliyofungwa vizuri, mkojo unageuka na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Amonia hiyo ndiyo inaua mikrobi. Kwenye joto la digrii 20, bakteria nyingi za kuharisha hufa kwa siku chache. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wadogo, huvumilia zaidi: baada ya siku kama 35, sehemu moja kwa kumi bado ni hai. Kwenye baridi ya digrii 4 au 5 karibu havifi. Mayai ya minyoo ni magumu kuliko yote. Basi ninyi mnaoishi milimani penye baridi, msiharakishe.

Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mashauri mwaka 2006: mkojo uliowekwa miezi 6 kwenye digrii 20 au zaidi unafaa kwa mimea yote, hata ile inayoliwa mbichi. Familia inayotumia mkojo wake kwa chakula chake yenyewe inaweza kutumia mapema, mradi mwezi mzima upite kati ya kumwagia na kuvuna.

Siku bidoni inapojaa, andikeni tarehe juu yake, na msiongeze tena. Msitie maji wakati wa kuuweka, maana maji yanapunguza nguvu ya amonia. Changanyeni siku ya kutumia. Mwagieni udongoni, si juu ya majani, mbali na mto na kisima, kisha funikeni na udongo. Nawieni mikono kwa sabuni.

Tusikimbie njaa tukaangukia kuharisha. Kungoja miezi hiyo hakuna gharama.