Spika za Mtumba kwa Sikio la Mwanakwaya

Ukienda kununua spika za mtumba Songea mjini, muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi nzito, atapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vitetemeke, kisha atakutazama usoni. Kwa mpenzi wa singeli jaribio hilo linatosha. Kwa anayetaka kumsikiliza Bach, Handel au Mozart sebuleni kwake Lizaboni, halimwambii kitu. Kishindo ni rahisi kutengeneza. Kazi ngumu ni sauti ya binadamu anayeimba bila kipaza sauti.

Bahati nzuri, mji huu umejaa watu wenye sikio la kazi hiyo. Aliyeimba sauti ya pili kwa miaka, akaipigia mazoezi Aleluya ya Handel kila Pasaka inapokaribia, anajua pumzi inavyosikika kabla ya neno, na herufi "s" inavyotoka midomoni mwa watu thelathini kwa pamoja. Aliyesali katika kanisa la abasia ya Peramiho, kilomita kama 24 kutoka hapa, anajua pia sauti inavyoelea chini ya paa refu kabla haijafifia. Sikio hilo ndilo kipimo chako cha kwanza. Wahandisi wa BBC walilitumia hivyo hivyo: waliporekodi mtu akizungumza, walilinganisha sauti ya spika na ya mtu mwenyewe aliyekuwa hai mbele yao. Spika iliyodanganya kwenye maneno ya kawaida ilirudishwa mezani.

Kwa hiyo nenda dukani na simu yenye rekodi ya mtu unayemfahamu akisoma au akiimba peke yake. Iwe mono, itoke spika zote mbili kwa kiwango kilekile. Sauti inapaswa kukaa katikati kabisa, kama vile mtu yuko baina ya spika hizo. Ikivutwa upande mmoja, badilisha waya za kushoto na kulia. Kama mvuto umehamia upande wa pili, tatizo liko kwenye amplifaya au simu; kama umebaki palepale, spika moja imechoka. Baada ya hapo weka piano, noti moja moja, usikilize inavyokufa polepole. Spika mbovu hukatisha mkia wa noti au kuuchafua kwa mkwaruzo.

Kisha fungua vitambaa vya mbele. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wufa, yaani spika za besi, nyingi za zamani zina ukingo wa sponji unaoshika koni, na sponji huoza hata kama spika haikuwahi kuwashwa, mara nyingi ndani ya miaka kumi hadi ishirini. Iguse kwa kidole: ikiacha unga, imekwisha. Ukingo wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyoenea pande zote. Ukisikia kitu kinakwaruza ndani, koili imepinda au imeungua. Weka sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kuthibitisha kwamba inalia. Mita ya fundi ikiwekwa kwenye spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi. Ikigoma kabisa, kuna waya uliokatika. Usisahau nyuma na chini ya boksi: mbao za kubandikwa huvimba zikinywa maji, na mchwa haheshimu jina la kiwanda.

Majina yenyewe? LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa magari ya matangazo ya nje, ina urefu wa sentimita 30 tu, lakini kwa waimbaji na fidla za vyumba vidogo sijaona cha kuizidi. Fidla za taarabu asilia za Ikhwani Safaa, kikundi cha Zanzibar cha tangu 1905, zinakaa vizuri ndani yake kama zinavyokaa za Mozart. Haina besi ya kina. Ukitaka kinanda cha kanisa na ngoma za okestra kwa uzito wake, utahitaji boksi kubwa, kwa mfano B&W 801 ya mwaka 1979, pamoja na chumba cha kulibeba. Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974 ni spika ya ajabu, ila kuba za sauti zake za kati na za juu zimetengenezwa kwa beriliamu. Zikiwa zimebonyea au kupasuka, iache; vumbi la metali hiyo ni sumu, na vipuri vyake ni adimu. Quad ya umeme tuli ya 1957 huimba kama malaika, lakini vumbi la kiangazi na unyevu wa mvua zetu ni adui zake.

Uliza pia desibeli, yaani sauti ambayo spika hutoa kwa kiasi kilekile cha wati. Okestra hunong'ona, kisha hulipuka. Kila desibeli 3 zinazopungua kwenye spika hudai wati mara mbili kutoka kwa amplifaya. Spika ya desibeli 83 inahitaji wati 80 kufanya kazi inayofanywa na ya 89 kwa wati 20. Amplifaya dogo likilazimishwa huunguza twita kwanza. Na kama amplifaya limetengenezwa kwa soko la Japani, ni la volti 100. TANESCO inatuletea 230, hivyo nunua transfoma ya kushusha umeme kabla hujalichomeka.

Mwisho wa yote kuna chumba. Sebule ya Lizaboni yenye kuta za tofali, sakafu ya vigae na madirisha makubwa hurudisha kila sauti. Piga makofi katikati yake. Ukisikia mlio unaotetema, weka zulia, mapazia mazito na rafu ya vitabu. Sogeza spika mbali na ukuta, twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Ila kwa nyumba ya bati isiyo na dari, kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili hakuna spika itakayoshinda paa. Mwenye nyumba ya namna hiyo ningemshauri ajenge dari kwanza, kisha anunue spika ndogo kwa pesa zinazobaki.