Faragha ya mamilioni mikononi mwa wachache wanaojitolea

MTU anapofungua akaunti yake ya benki kwa njia ya intaneti, hudhani kuwa siri zake zinalindwa na kampuni kubwa yenye wataalamu wanaolipwa vizuri. Mara nyingi sivyo ilivyo.

Sehemu kubwa ya ulinzi huo hutegemea programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila malipo. Wengi wanaozitunza hufanya hivyo kwa kujitolea, usiku, baada ya kazi inayowapa riziki.

Aprili 2014 jambo hilo lilidhihirika kwa kishindo. Katika OpenSSL, programu inayoficha mawasiliano kati ya mteja na tovuti, iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Mtu aliye mbali aliweza kuitumia kuchota vipande vya kumbukumbu ya kompyuta inayoendesha tovuti, zikiwamo nywila na hata funguo za siri. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo miaka 2 bila kuonekana. Nchini Canada, mamlaka ya kodi ilikiri kuibwa kwa namba za bima ya jamii za watu wapatao 900.

Ndipo ikafahamika kuwa OpenSSL, iliyokuwa ikitumiwa na mabenki na kampuni tajiri duniani, ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote, na michango yake ya mwaka ilikuwa kiasi cha dola 2,000. Watetezi wa programu huria hupenda kusema kuwa penye macho mengi kasoro hazijifichi. Hoja ni nzuri, ila maandishi kuwa wazi ni jambo moja, na kupatikana mtu wa kuyasoma ni jambo jingine.

Habari ya Mjerumani Werner Koch ni ya aina hiyo hiyo. Alianza mwaka 1997 kuandika GnuPG, programu ya kuficha barua pepe ili isomwe na mlengwa peke yake. Ndiyo aliyoitumia Edward Snowden mwaka 2013 alipowasiliana na waandishi wa habari kuhusu upelelezi wa Serikali ya Marekani. Hata hivyo, Koch alikaribia kuiacha kazi hiyo kwa kukosa fedha. Februari 2015, baada ya chombo cha habari cha ProPublica kueleza hali yake, michango ilimiminika, na kampuni za Facebook na Stripe zikaahidi dola 50,000 kila moja kwa mwaka.

Kilichofuata hakijulikani na wengi. Mwaka 2022 GnuPG ilitangaza kuwa imeanza kujitegemea kwa kuuza huduma zake, hasa kwa taasisi za Serikali ya Ujerumani, ikawaomba wafadhili wapeleke michango yao kwa miradi mingine yenye uhitaji.

Miradi hiyo ni mingi, na uchovu wa watunzaji wake ni mwanya kwa wenye nia mbaya. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Aliyeupachika, akijiita Jia Tan, alikuwa amemsaidia mtunzaji wake kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa na kukabidhiwa madaraka.

Hapo ndipo penye ugumu. Kuwataka wanaojitolea wataje majina yao halisi kungemzuia mtu wa aina hiyo, lakini kungewafukuza pia wale wanaoandika programu za faragha wakiwa katika nchi ambako kazi hiyo ni hatari kwao. Kuwalipa watunzaji wawe wawili au watatu, ili mmoja aikague kazi ya mwenzake, ni njia nafuu zaidi, na gharama yake ni ndogo kwa kampuni zinazozitumia programu hizo bure.