Istilahi za Printa za Mabango na Plota za Stika

Yapo maeneo ya ufundi ambayo neno lisilofaa humchosha msomaji tu, na yapo mengine ambayo neno hilo huvunja mashine. Mashine za kuchapa mabango na za kukata stika zimo katika kundi la pili. Siku hizi zimeenea katika miji yetu, na ofisi za umma nazo zinazinunua. Walakini miongozo yake mingi huja kwa Kiingereza, na mtumishi anayekabidhiwa mashine hutegemea tafsiri iliyofanywa kwa haraka.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuzitofautishe. Mashine ya kwanza hurusha matone madogo ya wino juu ya karatasi au plastiki yenye upana wa mita moja na zaidi. Hii ndiyo printa ya mabango. Ya pili haichapi, bali hukata stika kwa kisu kidogo. Mafundi huiita plota, nasi hatuoni sababu ya kuwapokonya neno lao.

Katika ofisi moja tuliyopata kuitembelea, mwongozo uliotafsiriwa ulisema, “Safisha kichwa.” Kijana aliyekuwa zamu alitii. Alitwaa kitambaa cha pamba, akapangusa uso wa kichwa cha kuchapia. Nyuzi zikaingia vitunduni, na kichwa kikaharibika kabisa. Kumbe mwongozo wa asili ulimtaka abonyeze kitufe tu, ili pampu ya mashine ivute wino kupitia vitundu hivyo. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili, lakini Kiswahili hakilazimiki kurithi kasoro hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza “kuvuta wino” kwa kazi ifanywayo na mashine yenyewe, na “kupangusa” kwa kazi ya mkono, ambayo hufanywa kandokando ya kichwa, kwa kijiti kisichotoa nyuzi na kwa maji maalumu ya wino uleule. Kijana yule hakuwa na kosa. Kichwa aghalabu ndicho kiungo cha bei kubwa kuliko vyote katika printa, na hasara ile ilitokana na neno.

Neno jingine linalohitaji kuchungwa ni “kuziba”. Mafundi hulitumia kila rangi inapokosekana, ilhali rangi hukosekana kwa sababu zaidi ya moja. Hapana budi kwanza kichapwe kielelezo cha vitundu, yaani ile safu ya vistari vifupi ambamo kila kitundu huchora kistari chake. Vistari vikikosekana pahali palepale hata baada ya wino kuvutwa mara mbili au tatu, basi vitundu vimeziba kwa wino uliokauka. Lakini mapengo yakihamahama, leo hapa na kesho pale, vitundu ni vizima. Wino ndio haufiki, kwa sababu ya hewa katika mirija au kichujio kilichochafuka. Hali hii tuiite “kukatika kwa wino”. Anayeandika “imeziba” katika fomu ya matengenezo, ilhali wino umekatika, huenda akaletewa kichwa kipya kisichohitajika.

Na kielelezo kikiwa kamili, lakini bango likatoka na milia? Hapo kichwa hakina hatia. Baada ya kila mpito wa kichwa, karatasi husogezwa hatua moja. Hatua ikiwa fupi, mipito hupandana na kuacha mlia mweusi. Ikiwa ndefu, hubaki mlia mweupe. Kinachorekebishwa ni hatua. Neno “milia” twalipenda: kila mtoto aliyemwona punda milia analielewa.

Kiungo ambacho miongozo hukitaja kwa ufupi mno ni kifuniko cha kichwa, ambacho huzuia wino usikauke mashine inapopumzika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo tulilolizoea, kichwa hubaki wazi juu ya bango, na kwa saa chache tu wino unaweza kukauka vitunduni. Mtafsiri asiandike tu “hakikisha kichwa kiko mahali pake”. Aandike “kichwa kirudi juu ya kifuniko”, maana msomaji hajui mahali hapo ni wapi.

Upande wa plota, kisu chake hujizungusha kufuata mwendo, kama gurudumu la kitanda cha hospitali, kwa kuwa ncha yake iko nyuma kidogo ya mhimili, mara nyingi robo ya milimita. Tarakimu hiyo isipowekwa sawasawa, au takataka zikikwama katika kishikio, pembe hazifungi na mwisho wa duara haukutani na mwanzo wake. Tunapendekeza iitwe “umbali wa ncha”. Kisu kisipokata vema mahali pote, yamkini kimekuwa butu. Kuongeza mkandamizo kabla ya kukikagua ni kuchimba mfereji katika ukanda wa kukatia. Na ukanda ukishachimbika, kisu kipya nacho kitaruka pahali palepale daima.

Limebaki neno moja lililotushinda kwa muda. Baada ya kukata, fundi huondoa vipande visivyotakiwa ili herufi zibaki. Waingereza hutumia kitenzi cha kung'oa magugu, na mafundi wetu wengine wamekigeuza kuwa “kupalilia”. Mwanzoni tulilikataa, tukapendekeza “kubandua mabaki”. Lakini kubandua ndiko pia kuitoa stika iliyokamilika, nasi tumeona wanafunzi wakizibandua herufi na kuacha mabaki! Basi “kupalilia” na libaki.

Ama kule kukata plastiki bila kuikata karatasi ya nyuma, “kukata juujuu” kuna harufu ya uzembe. “Kukata tabaka la juu” ni refu zaidi lakini halipotoshi. Kipimo chake ni rahisi: kikatwe kimraba kidogo, kipaliliwe kwa ncha ya kibano, kisha karatasi ya nyuma itazamwe penye mwanga. Alama hafifu ya kisu ionekane, lakini karatasi isiwe imetoboka.