Mchanga wa Pangani na njia ya shaba yetu

Shaba ya Katanga hupita Kasumbalesa, ikavuka Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana yaliyowahi kutokea katika Bahari ya Hindi yanatuhusu sisi wa Lubumbashi. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa ushahidi kwamba yapata miaka 1,000 iliyopita tsunami ilikifagia kijiji cha wavuvi huko Pangani, kaskazini mwa pwani ya Tanzania. Ushahidi wenyewe ni tabaka la mchanga lililolala katikati ya udongo. Ndani yake mna masalia ya viumbe wa baharini, vigae vya vyungu, na mifupa ya watoto na watu wazima iliyotapakaa ovyo, bila dalili ya maziko.

Yupo atakayesema kwamba mto Pangani nao hufurika na kubeba mchanga. Ni kweli, ila mafuriko ya mto husukuma vitu kuelekea baharini. Hayapandishi viumbe wa bahari nchi kavu. Dhoruba je? Jirani na ikweta vimbunga ni adimu, na kile cha Zanzibar cha mwaka 1872 kinakumbukwa hadi leo kwa uadimu huo. Hoja nzito zaidi ni ya volkano. Krakatau ilipolipuka mwaka 1883, mawimbi yake yaliua watu zaidi ya 36,000 na kutupa mapande makubwa ya matumbawe ufukweni. Lakini nguvu hiyo ilianzia sehemu ndogo ya bahari, ikapungua kadiri mawimbi yalivyosambaa. Tetemeko la Sumatra la mwaka 2004 lilipasua sakafu ya bahari kwa kilomita zipatazo 1,300, na wimbi la namna hiyo huvuka bahari nzima. Kwa kuwa matabaka ya umri unaokaribiana yamepatikana Sumatra na Thailand pia, tetemeko ndilo linaloelekea kuwa chanzo.

Wengine watasema kijiji kimoja hakitoshi kuhukumu pwani nzima. Hapo wana haki, na dawa yake ni kuchimba midomo mingine ya mito, Rufiji ikiwemo. Hata hivyo, mwaka 2004 wimbi liliikuta Tanzania maji yakiwa yamekupwa, likaua watu wachache. Tukiupima usalama wa bandari kwa siku hiyo peke yake, tunajidanganya. Pangani imeonyesha kwamba bahari ile inaweza kufanya makubwa zaidi, na wanaopanga magati na maghala wanapaswa kuanzia hapo.