Uungaji wa vihisi vya analogi katika majengo

Uungaji wa vihisi vya analogi ni kazi ya kuunganisha kwa nyaya vifaa vinavyopima joto, unyevu, shinikizo au ubora wa hewa na moduli ya kuingizia ishara ya mfumo wa otomatiki wa jengo. Mfumo huo huendesha viyoyozi, feni, pampu na vali katika ofisi, hospitali, hoteli, viwanja vya ndege na maghala ya baridi.

Moduli haioni joto wala shinikizo. Inachopima ni ukinzani, volteji au mkondo wa umeme, kisha hukigeuza kuwa namba kulingana na mpangilio iliopewa. Kwa hiyo kosa la uungaji mara nyingi halizimi mfumo: huleta namba inayoonekana ya kawaida lakini si ya kweli, na mitambo ya jengo huifuata namba hiyo.

Historia

Mwaka 1883 Warren S. Johnson, mwalimu katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya termostati ya umeme ya chumba. Mwaka 1887 mwanafizikia Mwingereza Hugh Callendar alionyesha kwamba ukinzani wa waya wa platini unaweza kutumika kupima joto kwa usahihi mkubwa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, majengo makubwa yaliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mabomba membamba. Ishara ya kawaida ilikuwa shinikizo la psi 3 hadi 15. Kiwango cha chini hakikuwa sifuri, hivyo bomba lililopasuka liliweza kutofautishwa na kipimo kidogo cha kweli. Wazo hilohilo linaonekana katika ishara ya umeme ya miliampia (mA) 4 hadi 20.

Tangu miaka ya 1980 vidhibiti vya kidijitali vilienea, na mwaka 1995 itifaki ya BACnet ilichapishwa Marekani kama kiwango cha mawasiliano kati ya vidhibiti vya majengo. Hata hivyo, vihisi vingi bado huungwa kwenye moduli kwa nyaya za shaba.

Aina za ishara

Ishara zinazotumika zaidi ni hizi:

- Ukinzani. Kihisi cha Pt1000 kina ukinzani wa omu 1000 kwenye 0 °C, nao huongezeka kwa takriban omu 3.85 kwa kila digrii. Pt100 huanzia omu 100 na huongezeka kwa omu 0.385. Thamista ya NTC ya omu 10,000 huwa na ukinzani huo kwenye 25 °C, nao hupungua joto linapopanda, kwa takriban asilimia 4 kwa digrii.
- Volteji ya 0 hadi 10. Hutolewa na kihisi chenye saketi yake ya elektroniki, kiitwacho transmita. Kwa mfano, transmita ya kaboni dioksidi inaweza kutoa volti 0 kwa ppm 0 na volti 10 kwa ppm 2000.
- Mkondo wa mA 4 hadi 20. Hutumika sana kwa shinikizo na mahali ambapo kebo ni ndefu.

Chaneli nyingi za moduli za kisasa hukubali aina zote tatu. Uchaguzi hufanywa kwa jampa, swichi ndogo au programu, na ni lazima ulingane na kihisi kilichoungwa.

Ukinzani wa kebo

Kihisi cha ukinzani kikiungwa kwa nyaya mbili, moduli hupima jumla ya ukinzani wa kihisi na wa kebo. Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 0.5 na urefu wa mita 50 una ukinzani wa takriban omu 1.75. Kwa kwenda na kurudi, kebo huongeza omu 3.5.

Kwa Pt100, omu 3.5 ni sawa na kosa la takriban digrii 9. Kwa Pt1000 ni takriban digrii 0.9. Kwa NTC ya omu 10,000 iliyo karibu na 25 °C, ambapo kila digrii hubadilisha ukinzani kwa zaidi ya omu 400, kosa ni chini ya mia moja ya digrii. Ndiyo maana NTC na Pt1000 hupendelewa majengoni, na Pt100 huungwa kwa nyaya tatu au nne ili moduli iweze kutoa ukinzani wa kebo katika hesabu.

Kosa la digrii moja linaweza kuwa na madhara. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya 2 °C na 8 °C, na baadhi yake, kama ile ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Kebo ya Pt1000 iliyotajwa hapo juu huongeza usomaji, hivyo chumba kinachosomeka 2.5 °C kwa kweli kiko 1.6 °C. Kwenye skrini kila kitu kiko ndani ya mipaka, na kengele ya tahadhari hailii. Kosa la aina hii hurekebishwa kwa kuingiza namba ya masahihisho katika programu, kutumia waya mnene zaidi au kuunga kwa nyaya tatu.

Volteji na mkondo

Transmita ya volteji huwa na nyaya tatu: wa umeme wa volti 24, wa ishara na wa pamoja. Waya wa ishara haubebi mkondo wa maana, lakini waya wa pamoja hurudisha mkondo wote unaotumiwa na transmita. Transmita inayotumia mA 50 ikiungwa kwa waya wa pamoja wenye omu 1.75, huongeza takriban volti 0.09 kwenye ishara. Ikiwa volti 0 hadi 10 zinawakilisha 0 hadi 50 °C, hilo ni kosa la zaidi ya digrii 0.4. Suluhisho la kawaida ni kuweka waya wa pamoja wa ishara peke yake, mbali na ule wa umeme.

Ishara ya mkondo haina tatizo hilo, kwa kuwa mkondo ni uleule katika kila sehemu ya mzunguko. Transmita ya nyaya mbili hupata umeme wake kutoka kwenye mzunguko huohuo. Ndani ya moduli, mkondo hupita kwenye kikinza: cha omu 250 hutoa volti 1 hadi 5, na cha omu 500 hutoa volti 2 hadi 10. Mpaka uliopo ni wa volteji. Kwa umeme wa volti 24 na transmita inayohitaji angalau volti 12, zinabaki volti 12, ambazo kwa mA 20 hutosha kwa omu 600 tu. Kikinza cha omu 500 huacha omu 100 kwa kebo.

Thamani hupatikana kwa kuondoa 4 kwenye mkondo, kugawanya kwa 16 na kuzidisha kwa upana wa kipimo, kisha kujumlisha kiwango cha chini. Transmita ya bar 0 hadi 10 inayotoa mA 12 inaonyesha bar 5. Programu ikiwekwa kimakosa kwa bar 0 hadi 16, mkondo huohuo utasomeka bar 8. Vivyo hivyo, kikinza cha omu 500 kikitumika kwenye chaneli iliyopangwa kwa volti 0 hadi 10, bomba lisilo na shinikizo litasomeka bar 2.

Umeme wa transmita

Transmita nyingi za majengo hukubali volti 24 za mkondo geu au mkondo mnyoofu. Hatari hutokea pale vifaa kadhaa vinapotumia transfoma moja. Vyenye rektifaya ya nusu wimbi huunganisha waya wa pamoja wa ishara moja kwa moja na upande mmoja wa transfoma, lakini vyenye rektifaya ya wimbi zima havifanyi hivyo. Vikichanganywa, au nyaya mbili za umeme zikibadilishwa nafasi kwenye kifaa kimoja, waya wa pamoja unaweza kusababisha shoti inayounguza transfoma au moduli. Kwa hiyo mafundi hufuata rangi zilezile za nyaya kwa kila kifaa, au hutumia transfoma tofauti.

Kelele za umeme

Kebo ndefu hunasa kelele kutoka nyaya za umeme mkubwa na vidhibiti vya kasi vya mota. Ili kupunguza kelele hizo:

- nyaya za ishara husokotwa kwa jozi;
- kebo za vihisi hutenganishwa na kebo za umeme mkubwa, na zinapokutana hupishana kwa pembe mraba;
- ngao ya metali ya kebo huungwa ardhini upande mmoja tu, kwa kawaida ule wa kidhibiti.

Ngao ikiungwa ardhini pande zote mbili, tofauti ndogo ya volteji kati ya ardhi za sehemu mbili za jengo hupitisha mkondo kwenye ngao na kuharibu kipimo.

Dalili za hitilafu

Waya uliokatika haufanani kwa vihisi vyote. NTC iliyokatika husomeka kama baridi kali, na yenye shoti kama joto kali. Pt1000 ni kinyume chake. Ishara ya volti 0 hadi 10 iliyokatika mara nyingi husomeka sifuri, ambayo inaweza kuwa thamani halali. Mfumo wa kaboni dioksidi unaosoma sifuri unaweza kupunguza hewa safi katika ukumbi uliojaa watu. Ishara ya mA 4 hadi 20 ikikatika hushuka hadi mA 0, nje ya kipimo, na hitilafu hutambulika mara moja. Kwa desturi ya viwandani, mkondo wa mA 3.6 au chini yake huhesabiwa kuwa hitilafu.

Ukaguzi

Kabla ya mfumo kuanza kazi, kila chaneli hukaguliwa peke yake. Fundi hutenganisha kihisi cha ukinzani na moduli na kukipima kwa multimita: NTC iliyo kwenye 25 °C inapaswa kuonyesha karibu omu 10,000. Kisha huweka kikinza kinachojulikana mahali pa kihisi na kutazama kama skrini inaonyesha joto linalotarajiwa. Mwisho, usomaji wa skrini hulinganishwa na termomita ya kuaminika iliyowekwa pembeni mwa kihisi. Hatua hii ya mwisho hugundua pia kosa ambalo multimita haiwezi kulionyesha: kihisi kizima kilichoungwa kwenye chaneli ya chumba kingine.