Mwenye Macho ya Kijani: Kivumishi cha Kiingereza Mbele ya Mfasiri

Miongoni mwa vivumishi ambatano vya Kiingereza vinavyomtatiza mfasiri wa Kiswahili ni “green-eyed”. Kimuundo, kina sehemu tatu: kivumishi cha rangi ya kijani, nomino yenye maana ya jicho, na kiambishi tamati “-ed”. Kiambishi hiki hapa si cha wakati uliopita. Kimepachikwa kwenye nomino, nacho kina maana ya “-enye”. Neno kwa neno, basi, tunapata “mwenye macho ya kijani”. Tafsiri hiyo haina kosa la kisarufi, ila msomaji atadhani anaelezwa sura ya mtu, ilhali anaelezwa wivu wake.

Maana hiyo ya wivu ilipata nguvu kwa kalamu ya Shakespeare. Katika The Merchant of Venice, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600, Portia analitamka neno hilo Bassanio anapochagua kasha la risasi. Katika Othello, iliyochapwa mwaka 1622, Iago anaufananisha wivu na zimwi lenye macho hayo. Kuhusu rangi yenyewe, aghalabu wataalamu huihusisha na tiba ya kale ya Ulaya, iliyoamini kwamba hali ya mtu hutawaliwa na damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Uso uliosawijika kwa ukijani ulikuwa dalili ya mwili na moyo usio na siha. Wapo pia wanaomwona hapo paka, anayemchezea panya kabla ya kumla.

Kiswahili nacho kina jicho lake: kijicho. Hapa hatuna rangi. Tuna udogo, jicho lililofinywa lisitake kuona neema ya jirani. Mfasiri aweza kushawishika kudhani amepata kisawe. La hasha! Kijicho, kama husuda, hukichukia alicho nacho mwingine. Wivu huhofia kupokonywa kilicho chako. Othello hamhusudu mtu. Anahofia kumpoteza mkewe.

Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia ya kwanza kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969), hakuweza kulikwepa swali hili. Nasi hatuna budi kuliuliza kila tukutanapo na maneno ya namna hii: ni hisia ipi inayosemwa? Hiyo ikishajulikana, rangi yaweza kuachwa bila hasara kubwa. Ikikosewa, mhusika mzima hubadilika tabia.